Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya wa Haut-Katanga: kipimo cha figo kiende pamoja na antibiotiki

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jimbo, Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo, nanyi Waganga Wakurugenzi wa hopitali za Lubumbashi, ziwe za serikali, za makanisa, za kampuni au za watu binafsi,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi wa reanimasyo, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, katika mji huu wa Lubumbashi, Kongo. Wagonjwa wangu wengi ni wa kichwa: waliopigwa na AVC (kiharusi), waliopasuka fuvu kwenye ajali za barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa, wenye menenjiti (homa ya uti wa mgongo), wenye malaria iliyopanda kichwani, wenye kifafa kinachogoma kukatika. Hopitali ninayofanyia kazi siitaji, kwa sababu ninayoandika yapo kwetu na yapo kwa jirani zetu pia. Ombi langu ni moja, na naliweka hapa juu ili mwenye haraka alichukue aende nalo: mgonjwa wa kichwa akianzishiwa antibiotiki ya nguvu, kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonesha figo zinafanyaje kazi, kiende pamoja nayo, kihesabiwe kuwa sehemu ya dawa yenyewe, na kisisubiri familia izunguke kutafuta pesa.

Antibiotiki inaweza kuleta degedege. Nikiwaambia hivyo wenye mgonjwa wananitazama kwa mashaka, na siwalaumu, maana wao ndio wameuza simu na televisheni ili kuinunua. Lakini wapo hata wenzangu wenye koti jeupe wanaolisikia kama habari mpya, ilhali ni la zamani. Mwaka 1945, wakati penisilini ilikuwa bado changa, jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha onyo kwamba penisilini ikiingizwa moja kwa moja kwenye mashimo ya ndani ya ubongo humletea mgonjwa degedege. Baadaye watafiti waliipaka makusudi kwenye ubongo wa wanyama ili watengeneze kifafa na kukichunguza.

Ubongo una breki zake. Kubwa mojawapo ni kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kuzituliza seli za neva zisifyatuke ovyo. Antibiotiki za koo za penisilini, sefalosporini na karbapenemu zikizidi kichwani huizuia GABA kufanya kazi yake, na breki hiyo inalegea. Kwa mtu mwenye ubongo mzima na figo nzima dawa kidogo tu ndiyo huvuka kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo, na iliyobaki inatoka kwa mkojo. Mgonjwa wetu wa reanimasyo ana hitilafu pande zote mbili. Menenjiti au jeraha la kichwa limeshatoboa ukuta unaoulinda ubongo, na ubongo wenyewe una kovu au damu inayouchokoza. Figo nazo zikiwa zimelegea, dawa inabaki kwenye damu, dozi inayofuata inaikuta ile ya kwanza bado haijaondoka, na inaendelea kurundikana hivyo hivyo.

Na figo za watu wetu zinafika hopitalini zimeshapigwa. Tunaifahamu safari yao. Mgonjwa ameugua nyumbani Katuba au Ruashi, amechomwa diklofenaki kwenye kituo cha mtaani kwa sababu ya maumivu, ameongezewa jentamisini kwa sababu ya homa, ametapika na kuhara bila serumu (maji ya mshipani) ya kutosha, labda na malaria kali juu yake, ambayo yenyewe inaweza kuzifunga figo. Wengine wamekunywa mizizi ambayo hakuna anayejua ni ya mti gani. Wazee wengi wana presha au sukari ya miaka mingi ambayo haikupimwa hata siku moja. Mtu wa namna hiyo akifika kwetu amepoteza fahamu, tunamwandikia dozi ya kitabuni, na dozi ya kitabuni iliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye figo nzima.

Niruhusuni nioneshe hesabu moja, kwa sababu wakubwa wengi mnaoisoma barua hii ni madaktari na mnaweza kuirudia wenyewe kwenye simu. Kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976 inasema: toa umri kwenye 140, zidisha kwa kilo za mgonjwa, kisha gawa kwa kreatinini iliyozidishwa mara 72. Akiwa mwanamke, zidisha jibu kwa 0.85. Tulikuwa na mama mmoja wa miaka 68, kilo 50, AVC, akapata nimonia kitandani. Kreatinini yake ilikuwa miligramu 1.4 kwa desilita. Karatasi ya labo ilionesha imezidi kidogo tu, na mtu yeyote aliyechoka na zamu angeandika pembeni kwamba ni karibu kawaida. Piga hesabu: 140 toa 68 ni 72, ile 72 ya juu inakatana na ya chini, zinabaki 50 gawa kwa 1.4, ambayo ni kama 36, mara 0.85 inakuwa 30. Figo za mama yule zilikuwa zinasafisha mililita 30 tu za damu kwa dakika. Alikuwa anapewa sefepimu, antibiotiki ya ukoo wa sefalosporini, gramu 2 kila saa 8, yaani gramu 6 kwa siku. Kwa figo za kati ya 30 na 60, maelekezo ya dawa hiyo yanashusha dozi kuwa gramu 2 kila saa 12. Zikishuka kati ya 11 na 29, ni gramu 2 kwa siku nzima. Yeye alikuwa amesimama juu ya mpaka wenyewe.

Kile kipimo hakikufanywa siku ya kwanza. Kiliandikwa, ndiyo, kwenye ordonansi (karatasi ya daktari) moja na vichupa vya dawa, na binti yake aliyekuwa gardimaladi, yaani mwenye kumuuguza, alishuka nayo farmasi akiwa na pesa za kitu kimoja. Alinunua dawa. Nani angefanya tofauti? Hakuna aliyemweleza kwamba ile karatasi ya labo ndiyo inayosema dawa iwe kiasi gani. Kipimo kililipiwa siku ya nne, na siku hiyo hiyo mama alikuwa ameshabadilika.

Hakuanguka wala hakutoa povu. Na hapa ndipo tunapopoteza wengi, kwa sababu degedege la sefepimu mara nyingi halina kelele. Huanza kama siku nne hivi baada ya dozi ya kwanza. Mgonjwa aliyekuwa ameanza kujibu maswali anarudi nyuma: anakodoa macho, anarudia neno moja, anavuta shuka kwa vidole, kope moja inacheza cheza, pembe ya mdomo inaruka kidogo. Ukimwita anachelewa kugeuka au hageuki kabisa. Kwenye fishi ya zamu, ile karatasi ya mgonjwa, utasoma "amelala" au "ametulia". Familia wanasema malaria imempanda tena kichwani, au wanaanza kunong'onezana kuhusu jirani fulani, na mchungaji anaitwa. Daktari wa zamu anafikiri AVC imeongezeka, au maambukizi yamezidi. Basi dozi ya antibiotiki inaongezwa. Mashine ya kusoma umeme wa ubongo, ile tunayoiita EEG, ingeonesha kwamba ubongo unafyatuka mfululizo huku mwili umelala. Bila mashine hiyo, kifafa cha kimya kinapita kwenye mikono yetu kikiwa kimevaa jina la ugonjwa mwingine.

Kwa yule mama daktari alitazama hesabu ya figo, akasimamisha sefepimu na kuweka dawa nyingine kwa dozi iliyopimwa. Baada ya siku mbili alikuwa anamtambua binti yake na kudai chai. Ndivyo inavyokuwa kwa wengi wakigundulika mapema: dawa ikitoka, ubongo unarudi. Zikiwa figo zimefunga kabisa, mashine ya kusafisha damu huiondoa sefepimu haraka zaidi, ila tusidanganyane kuhusu wangapi hapa Lubumbashi wanaweza kuilipia.

Mambo haya hayatokei Kongo peke yake. Juni 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu sefepimu na kifafa cha kimya, baada ya kukusanya taarifa za wagonjwa 59 tangu mwaka 1996 hadi mwanzoni mwa 2012. Karibu wote walikuwa na shida ya figo, na wengi wao dozi haikuwa imepunguzwa inavyotakiwa. Huko kreatinini inapimwa bila kusubiri mtu alipe kwanza, na bado ilitokea. Kwetu, ambako kipimo kinasubiri mfuko wa gardimaladi, mnaweza kukisia wenyewe.

Sefepimu nimeikazia kwa sababu ndiyo niliyoiona kwa macho. Zipo nyingine. Imipenemu inajulikana kwa degedege kuliko meropenemu, ndiyo maana kwa menenjiti vitabu hutaja meropenemu. Penisilini ya mshipani kwa dozi kubwa, figo zikiwa mbaya, bado inafanya kile ilichofanya mwaka 1945. Seftriaksoni, ambayo tunaitumia kama maji, ina nafuu kwa sababu sehemu yake inatoka kwa nyongo, lakini haina kinga kamili kwa mtu ambaye figo zimekufa. Metronidazoli ikitumika kwa muda mrefu inaweza kumfanya mtu ayumbe, aongee kama mlevi, na wengine wapate degedege. Izoniazidi ya kifua kikuu inakula vitamini B6 mwilini, na degedege lake linaweza kugoma kusikia diazepamu mpaka mgonjwa apewe hiyo B6. Siprofloksasini nayo inauzwa kila kona kama pipi, na huku kwetu ina hatari ya ziada: inazuia ini kuivunja aminofilini, ambayo bado tunaichoma kwa wenye pumu. Aminofilini ikipanda kwenye damu, degedege linafuata. Mkijumlisha na tramadoli, dawa za maumivu ambazo vijana wanazimeza mitaani, hapo sina la kuongeza.

Kuna muungano mmoja ambao ningependa uandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye kila reanimasyo ya jimbo hili, nao ni meropenemu na valproati. Valproati ndiyo ile ambayo familia nyingi zinaijua kwa jina la Dépakine, dawa ya kifafa ya kila siku. Mgonjwa wa kifafa anaingia na nimonia nzito, anawekewa meropenemu, au imipenemu, au nyingine ya ukoo huo wa karbapenemu, na ndani ya siku moja au mbili valproati kwenye damu yake inaporomoka, mara nyingi kwa zaidi ya nusu, wakati mwingine karibu iishe yote. Kuongeza dozi ya valproati hakusaidii. Na hata ukisimamisha hiyo karbapenemu, kiwango kinachukua wiki moja au mbili kurudi mahali pake. Katika siku hizo mtu ambaye kifafa chake kilikuwa kimelala miaka mingi anaanza kukamatwa mfululizo, na familia inaapa kwamba hopitali imemharibia mtu wao. Kwa hili hawajakosea sana. Dawa ni kuchagua antibiotiki nyingine, au kumwekea dawa nyingine ya kifafa, kama fenobarbitali au levetirasetamu pale inapopatikana, kabla meropenemu haijaanza kushuka kwenye serumu.

Waheshimiwa, naogopa barua hii isomwe vibaya. Asitokee mtu kesho akamnyima mwenye menenjiti sindano kwa kisingizio kwamba muuguzi fulani ameandika antibiotiki zinaleta kifafa. Menenjiti yenyewe inaleta degedege, inaleta uziwi na kifo, na kila saa inayopotea inahesabika. Dozi ya kwanza iingie mara moja na iwe kamili, hata kwa mwenye figo mbaya, kwa sababu dozi ya kwanza inahusu kuujaza mwili dawa, na figo zinaanza kuamua kuanzia dozi zinazofuata. Kuna saa za kutosha kati ya ile ya kwanza na zinazofuata kwa labo kufanya kazi yake. Wala tusiwaze kwamba jibu la kila kitu ni kupunguza. Kijana wa miaka 22 aliyegonga kichwa kwa pikipiki anaweza kuwa na figo zinazokimbia kuliko kawaida, zaidi ya mililita 130 kwa dakika, na dozi ya kawaida inamtoka kabla haijaua kijidudu. Huyo anahitaji dozi kubwa zaidi, au inayorudiwa mapema. Mpaka upime hujui nani ni nani. Mmoja yuko kitanda cha 3 na mwenzake cha 4, na ordonansi zao zinafanana neno kwa neno.

Sasa nirudi kwenye pesa, maana humo ndimo jambo lote linapokwama. Kwa utaratibu wetu, kila kitu kina karatasi yake na karatasi ina malipo yake: kichupa, maji ya kuchanganyia, sirinji, kipimo. Gardimaladi anapanga mwenyewe kipi kinunuliwe kwanza, na anapanga kwa akili ya kawaida: dawa inaponya, kipimo kinatazama tu. Kwa bei za kwetu kreatinini moja ni rahisi kuliko kichupa kimoja cha sefepimu. Kwa hiyo hopitali inayomtoza mtu vichupa vitatu kwa siku haiwezi kushindwa kuiweka kreatinini ndani ya bei hiyo hiyo, siku ya kwanza, na kuirudia kila baada ya siku mbili au tatu. Kwa mama yule, dozi sahihi ingemwokolea vichupa kila siku. Sijui kwa nini hesabu hii ndogo haijapigwa na idara za fedha, ambazo kwa hesabu nyingine ni hodari sana, hasa mgonjwa anapotaka kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Pamoja na kreatinini ningeomba kipimo cha sodiumu, chumvi ya kwenye damu, kwa sababu sodiumu ikishuka nayo inaleta degedege na tunabaki tukigombana na antibiotiki ambayo haina kosa. Na kreatinini yenyewe inachelewa: figo zinaweza kufunga leo na namba ikapanda kesho kutwa. Kwa hiyo mkojo wa saa 24 uandikwe kwa mililita, kwa idadi kamili, maana neno "anakojoa" halitoshi. Uzito pia. Waganga Wakurugenzi, pitieni fishi za reanimasyo zenu wiki hii mtazame ni ngapi zina kilo za mgonjwa. Mzani wa kitanda ni ghali, naelewa, lakini hata kukadiria kwa kumuuliza mke wake ni bora kuliko nafasi tupu.

Divisheni ya Afya naiomba kitu kimoja cha karatasi: fishi ya reanimasyo iwe na mstari wa juu kabisa wenye umri, kilo, kreatinini, matokeo ya ile hesabu, na dawa za kifafa anazotumia mgonjwa nyumbani. Mstari huo ukiwa mtupu, farmasi ya ndani itoe dozi za siku ya kwanza tu, halafu impigie simu daktari. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha wafamasia. Wengi wao wanaishia kuuza sabuni na maziwa ya unga nyuma ya kaunta. Mmoja wao akipita vitandani kila asubuhi na daftari lake, makosa mengi yatakamatwa kabla ya chai ya saa nne. Wauguzi hatuoni aibu kusahihishwa na mfamasia. Madaktari nao watazoea.

EEG sithubutu kuiombea kila hopitali. Kwetu EEG ni karatasi yenye anwani: mgonjwa mwenye mipira puani na kwenye kibofu anatakiwa kupelekwa upande mwingine wa mji, kwa gari ambalo familia italitafuta, akakute labda umeme wa SNEL umekatika. Lakini hopitali zinaweza kukubaliana zikawa na mashine moja ndogo ya kubebeka inayozunguka, na mtu mmoja aliyefundishwa kuifunga kichwani, huku picha zikisomwa na daktari wa neva popote alipo. Mheshimiwa Waziri, hilo liko kwenye uwezo wa ofisi yako, kwa kuwa hakuna hopitali moja itakayolianzisha kwa ajili ya nyingine.

Na matukio yaandikwe. Kinshasa kuna kituo cha taifa kinachofuatilia madhara ya dawa. Nimeuliza wenzangu wa reanimasyo kadhaa kama wamewahi kujaza fomu yake kwa ajili ya degedege lililofuata antibiotiki, na wengi waliniuliza fomu hiyo inafananaje. Mgonjwa anapona au anakufa, fishi inafungwa na kutupwa kwenye boksi, na mwezi unaofuata timu nyingine inapita njia ile ile. Fomu iwepo kwenye meza ya zamu, na aliyeijaza asiitwe ofisini kuhojiwa kama mhalifu. Tukiogopa adhabu tutaendelea kuandika "ametulia".

Naomba jibu la maandishi, hata likiwa fupi, linalosema ni hopitali ipi itaanza na lini. Reanimasyo moja ya serikali na moja ya kanisa zinatosha kwa kuanzia, kwa miezi mitatu: kreatinini na sodiumu ndani ya bei ya antibiotiki, mstari wa juu wa fishi umejazwa, mfamasia anapita. Sisi wa zamu ya usiku tuko tayari kuujaza kuanzia Jumatatu, hata kwa kalamu na rula, kabla fomu mpya haijatoka kiwandani.

Kwa heshima,

Muuguzi wa reanimasyo, Lubumbashi